Je, wajua? Ukilipia kujiandikisha mapema kwenye ndege, hujanunua kiti

Mdogo wangu wa kike anaishi Texas na mume wake na watoto wawili. Mwaka 2023 mmoja alikuwa na miaka minne, mwingine mitatu. Alikuwa anakata tiketi za familia kwenda Florida kwa Southwest Airlines, na kabla ya kumaliza ikamtokea ofa kwenye simu: ongeza dola kadhaa kwa kila mtu, tutakuandikisha mapema (check-in). Akanipigia mimi kaka yake, Lubumbashi, usiku. "Yaya, nilipe ao niache?" Nikamwambia alipe. Hela itakwenda, lakini watakaa pamoja na watoto.

Jibu langu halikuwa sahihi. Nililitoa kwa moyo wote kwa sababu ya safari yetu sisi wenyewe, mwaka uliotangulia. Tulikuwa watu watano kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwenda Johannesburg. Tulifika uwanjani masaa manne kabla, tukawa wa kwanza kabisa mbele ya kaunta, valizi zetu zikapimwa kabla ya za mtu mwingine yeyote. Kadi za kupandia zilipotoka, mke wangu na mabinti wawili walikuwa safu ya 9, mimi ya 17, na kijana wetu wa miaka minane alikuwa 22E, peke yake, katikati ya watu wazima wawili asiowajua. Nikauliza nani ametutangulia na kaunta imefunguliwa mbele ya macho yetu. Dada wa kaunta akanijibu kwa upole: "Papa, viti vingi vimekwisha kugawiwa tangu jana." Kijana alikumbatia begi lake la mgongoni kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kuku, mpaka abiria mmoja wa safu yangu alipokubali kubadilishana naye.

Nilitoka pale na somo nusu. Niliona kosa letu lilikuwa kuchelewa, na dawa ya kuchelewa ni kuwahi zaidi, hata kwa kulipa. Watu wengi ninaozungumza nao hapa mjini wanaamini hivyo hivyo: anayejiandikisha kwanza ndiye anayepata kiti kizuri. Kumbe kuna vitu vitatu ambavyo tunavikunja pamoja kama kitambaa kimoja. Tiketi ni haki ya kubebwa na ndege ile. Kujiandikisha, ao anrejistrema kama tunavyosema hapa, ni kuliambia shirika kwamba unakuja kweli na karatasi zako ni sawa. Kiti ni jambo la tatu, na kila shirika lina saa yake ya kukigawa. Mara nyingi saa hiyo ni siku ya kununua tiketi, wiki nyingi kabla ya uandikishaji kuanza.

Southwest ndilo shirika lililonifundisha zaidi, kwa sababu lilikuwa tofauti na karibu yote. Lilianza kurusha abiria Texas mwaka 1971, na kwa zaidi ya miaka hamsini halikugawa namba za viti kabisa. Unaingia, unaona kiti kitupu, unakaa. Kilichogawiwa kilikuwa zamu ya kuingia: kundi A, kundi B, kundi C, na ndani ya kila kundi namba kuanzia 1 hadi 60. Mlangoni watu walijipanga kwa namba zao.

Mtu aliyekulia kwenye foleni ya maji atalielewa hili haraka. Katika mitaa ambako bomba linatoa maji masaa machache tu, watu hawasimami wenyewe tangu alfajiri. Wanapanga bido, yaani madumu ya maji. Bido la njano la mama fulani ni la saba, la jirani yake lenye kifuniko cha kitambaa ni la nane, na wenye bido wako nyumbani wanafagia ao wanawasha makaa. Bomba likifunguka, kila mtu anakimbilia bido lake. Ndivyo ilivyokuwa Southwest. Masaa 24 kabla ya safari, foleni ilifunguliwa kwenye simu na intaneti, na kila abiria akaweka bido lake. Aliyebonyeza dakika ile ile alipata namba nzuri kiasi, aliyekumbuka jioni akajikuta kundi C.

Mwaka 2009 shirika likaanza kuuza huduma iliyoitwa EarlyBird Check-In, kwa dola 10 wakati huo. Ukiilipia, kompyuta ya shirika yenyewe inakupangia bido masaa 36 kabla ya safari, yaani masaa 12 kabla ya foleni ya wengine kufunguliwa. Hakuna kingine ndani ya bei hiyo. Hujanunua maji. Hujanunua hata bido la kwanza, kwa maana mbele yako kuna namba za A1 hadi A15 zilizotengwa kwanza kwa wenye tiketi ghali. Nanyi mliolipia huduma ile ile bado mnapangwa kati yenu, kwa aina ya tiketi na kwa siku mliyolipa. Wakilipa hamsini, ninyi hamsini mko kwenye foleni yenu. Shirika liliandika wazi kwamba malipo hayo hayakuhakikishii kundi A. Mimi sikuwa nimesoma.

Kwa familia jambo hili lina uzito wake, kwa sababu bei ilikuwa kwa kila mtu na kwa kila upande wa safari. Kufikia 2023 ilikuwa kati ya dola 15 na 99 kutegemea safari. Watu wanne, kwenda na kurudi, ni malipo mara nane: kwa bei ya chini kabisa dola 120. Baba wengine walijaribu kujilipia peke yao. Waliingia mapema, wakaweka koti kwenye kiti cha kulia na gazeti kwenye kiti cha kushoto, wakangoja mke na watoto wa kundi B. Southwest haikuwa na sheria ya kukataza jambo hilo wala ya kuliruhusu, kwa hiyo kila safari ilikuwa na uwezekano wa ugomvi juu ya koti.

Kesho yake mdogo wangu alinipigia tena. Hakuwa amelipa. Alikuwa amekaa na kusoma masharti, akakuta kwamba watu wazima hadi wawili wanaosafiri na mtoto wa miaka sita au chini waliingia bure baada ya kundi A, kabla ya kundi B kuanza. Ndege ya Southwest wakati huo ilikuwa na viti 143 kwa ile ndogo na 175 kwa ile kubwa. Watu sitini wakishaingia, nyuma bado kuna safu nzima nzima tupu. Familia yake ingekaa pamoja bila senti moja ya ziada. Waliobanwa kweli walikuwa wenye watoto wa miaka saba, nane, tisa: wameshapita umri wa kuingia bure, lakini bado ni wadogo mno kukaa na wageni. Kijana wangu wa 22E angekuwa hapo hapo.

Mfumo huo sasa umeisha. Julai 2024 Southwest ilitangaza kwamba itagawa viti, na tangu tarehe 27 Januari 2026 kila abiria wake ana namba ya kiti, na EarlyBird imeondoka pamoja na foleni yake.

Hilo linaturudisha kwenye mashirika yanayogawa viti, yakiwemo yanayotua Luano. Huko swali linabadilika: kwa nini familia iliyojiandikisha mapema inatawanywa, hata kama hakuna aliyetaka kuitawanya? Nenda soko la viatu vya mtumba, komuni ya Kenya hapa Lubumbashi, saa kumi na mbili asubuhi. Bela, lile furushi kubwa la mtumba, limefunguliwa, viatu vyote viko chini. Anayekuja kwanza anaondoka na jozi nzuri. Wanaofuata wanachagua wanachokipenda, na kila mmoja anavuruga rundo kidogo. Saa tisa alasiri viatu bado ni vingi, ukivihesabu utafurahi, lakini jaribu kutafuta jozi. Mguu wa kushoto uko huku, wa kulia haupo. Mtu anayehitaji kiatu kimoja tu atapata. Anayehitaji viwili vinavyofanana ndiye anayerudi mikono mitupu.

Viti vinaisha vivyo hivyo. Ndege nyingi za safari fupi zina viti vitatu kila upande wa njia. Wanaolipia huchukua dirisha kwanza, au kiti cha njiani. Wapo hata wawili wawili wanaochagua dirisha na njia kwa makusudi, wakitumaini cha katikati kitabaki kitupu. Kwa hiyo siku ya uandikishaji kompyuta inaweza kuwa na viti arobaini mkononi, karibu vyote vya katikati, kila kimoja kwenye safu yake. Ukiiambia igawe kwa bahati nasibu, itagawa, na baba atakuwa 9B, mama 14E, mtoto 22E. Bahati nasibu inafanyika ndani ya masalio.

Mwaka 2017 jambo hili lilizua kelele Ulaya juu ya Ryanair. Abiria walidai wanatenganishwa ili walipe. Shirika lilikanusha, likasema ugawaji ni wa bahati nasibu na kwamba viti vya katikati ndivyo vinavyobaki baada ya wanaolipia kuchukua dirisha na njia. Mwaka 2018 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilihoji zaidi ya watu 4,000 waliosafiri kwa vikundi. Kati ya waliopanda Ryanair, asilimia 35 walisema walitenganishwa, na kwa mashirika yote kwa jumla ilikuwa asilimia 18. Hayo ni majibu ya abiria, si hesabu iliyochukuliwa ndani ya kompyuta za mashirika, kwa hiyo nayasoma kama dalili. Yanaonyesha kwamba kanuni za shirika zina uzito kuliko dakika uliyobonyeza simu.

Kwa Ryanair kuna jambo lililonishangaza zaidi. Asiyelipia kiti anafunguliwa uandikishaji masaa 24 kabla. Aliyelipia kiti anaweza kujiandikisha hadi siku 60 kabla. Mpangilio ni kinyume kabisa na nilivyoamini: kiti ndicho kinacholeta uandikishaji wa mapema. Na mtu mzima anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12 analazimika kulipia kiti chake, kisha watoto hadi wanne wanapewa viti karibu naye bure. Familia ya watu watano inayojua hilo inalipia kiti kimoja cha mzazi. Isiyojua inaweza kulipia vitano.

Kumweka mtoto karibu na mzazi si suala la starehe peke yake. Mwongozo wa usalama wa Ulaya unasema mtoto akae safu moja na mtu wake mzima, na isipowezekana asiwe mbali zaidi ya safu moja au njia moja. Sababu ni rahisi kuiona: ndege ikibidi kutolewa watu haraka, mzazi hatakwenda kwenye mlango wa dharura, atarudi nyuma kumtafuta mtoto, dhidi ya mkondo wa watu wote. Ndege inapothibitishwa, inapaswa kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Mzazi mmoja anayekwenda kinyume kwenye njia nyembamba ni kizuizi kikubwa. Hata barakoa za oksijeni zina hesabu yake. Juu ya viti vitatu kwa kawaida kuna barakoa nne, ya nne ni ya mtoto anayepakatwa. Ndiyo maana wenye watoto wa kupakatwa hawawekwi wawili kwenye viti vitatu hivyo hivyo, na dada wawili wenye vichanga watatenganishwa hata wakilipa vipi.

Marekani imelipeleka jambo hili kwenye sheria. Mei 2024 ilipitishwa sheria ya usafiri wa anga inayoiagiza wizara ya uchukuzi kuweka kanuni ili mtoto wa miaka 13 au chini akae kando ya mtu wake mzima bila malipo ya ziada.

Kuwahi kujiandikisha kuna faida yake halisi. Shirika likiuza tiketi nyingi kuliko viti, muda wa kujiandikisha unaweza kuwa kipimo cha nani aachwe, na kanuni za Marekani zinataja kipimo hicho kwa jina. Kuwahi Luano nako kuna sababu nzito: foleni ya Go-Pass (kodi ya uwanja wa ndege), ya chanjo, ya polisi wa mipaka. Lakini la kukaa pamoja hufanyika ofisini, siku ya kukata tiketi. Sharti la kwanza ni rezavasio moja, zile herufi na namba sita, kwa familia yote. Ukimkatia mama na watoto leo, baba wiki ijayo kwa rezavasio nyingine, kompyuta inaona watu wawili wasiojuana. Tarehe za kuzaliwa za watoto ziandikwe sawa, kwa sababu programu inayokusanya familia inasoma umri wao hapo.

Safari yetu iliyofuata nilikaa mbele ya dada wa ajensi mpaka akageuza skrini nione mwenyewe: 14A, 14B, 14C upande huu, 14D na 14E ng'ambo ya njia. Akaandika namba hizo kwa kalamu ya bluu nyuma ya bahasha ya tiketi. Uwanjani tulifika masaa mawili na nusu kabla, mbele yetu kulikuwa na foleni ndefu, na kijana aliishika bahasha ile muda wote akiwasomea dada zake nani anakaa wapi.