Kazi ya mvua hufanywa kiangazi

Agosti iliyopita nilikuwa nimesimama ndani ya mtaro mkavu kata ya Chikongola, mjini Mtwara, mchanga umenifika magotini, vijana wanne wanauchota kwa sepetu na kuutia kwenye tela la trekta. Mama mmoja aliyekuwa anatoka sokoni akasimama, akatua kikapu chake. "Mwanangu, mvua iko wapi mpaka mkafukue mtaro?" Nikamwambia inakuja, mama. Akacheka, akaenda zake.

Swali lake ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote tangu nipewe kuratibu masuala ya maji ya mvua katika manispaa, na sikumjibu vya kutosha.

Sisi wa Mtwara, kama wenzetu wa Lindi na Ruvuma, hatuna vuli na masika kama watu wa Dar es Salaam au Tanga. Tuna msimu mmoja, ule ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa inauita mvua za msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwaka wa kawaida mji hupata takriban milimita 1,000, na karibu zote hushuka ndani ya miezi hiyo. Miezi inayobaki mtaro haupati maji ya kuusafisha. Upepo unaleta mchanga, watu wanaleta chupa na maganda ya madafu, majani yanaanguka, vyote vinalala humo vikisubiri. Mvua ya kwanza kubwa ikipiga, inaukuta mtaro umeshajaa kabla ya tone la kwanza.

Watu wengi hudhani mtaro uliojaa mchanga nusu unabeba nusu ya maji. Sivyo. Chukua mtaro wa zege wenye upana wa mita 1 na kina cha mita 1. Ukijaa mchanga hadi katikati, hesabu ya wahandisi inaonyesha kwamba uwezo wake unashuka hadi kama asilimia 40, kwa mteremko uleule. Sababu ni msuguano: maji yakiwa na kina kifupi, sehemu kubwa zaidi ya maji hayo inajikwaruza kwenye sakafu na kuta, kwa hiyo yanakwenda polepole. Yakienda polepole yanashindwa kubeba mchanga, mchanga unatua zaidi, na kina kinazidi kupungua. Ndiyo maana mtaro ulioanza kuziba haukawii kuziba kabisa.

Na mchanga ndio adui wetu mkubwa kuliko plastiki, ingawa plastiki ndiyo inayopigwa picha. Ardhi ya mji huu ni ya kichanga, barabara nyingi za mitaani bado ni za vumbi, na kuna jambo jingine la kwetu ambalo wageni hawalifahamu: korosho. Minada inaanza Oktoba, fedha zinaingia, na kila aliyekuwa na msingi uliosimama anarudi saiti. Lori la mchanga linamwagwa mbele ya nyumba, kokoto kando yake, kifusi cha ukuta wa zamani juu yake. Mahali pa kumwagia ni papi? Kando ya mtaro, maana ndipo penye nafasi. Wiki tatu baadaye mvua inaanza. Simlaumu mtu anayejenga kwa jasho la mikorosho yake, lakini mchanga ule ukimwagwa upande wa pili wa uwanja na kuzungushiwa tofali mbili tatu, mwenye nyumba hapotezi fedha yake na mtaro haupotezi nafasi yake.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilipanga usafishaji uanzie juu, kwenye makazi, tushuke polepole kuelekea baharini. Ilionekana ni busara, kwa sababu juu ndiko malalamiko yalikokuwa. Mvua ikawahi. Sehemu ya juu ilikuwa safi, maji yakapita kwa kasi ambayo hayakuwa nayo kabla, yakagonga sehemu ya chini ambayo hatujaifikia, na kaya ambazo miaka yote zilikuwa zinapata maji ya kifundo cha mguu zikapata ya goti. Tangu hapo tunaanzia mdomoni, pale mtaro unapomwaga baharini, tunapanda kinyumenyume. Mchanga tunaoutoa hatuulazi kando hata siku moja, kwa kuwa ukilala kando unarudi. Wapo wanaouomba wakapigie plasta. Ninawakatalia, kwa sababu una vioo, una sindano, na una mambo nisiyopenda kuyataja mtu akiwa anakula.

Kero ya mtaro, hata hivyo, inatengenezwa mbali na mtaro wenyewe. Fikiria eneo la hekta 20 lililokuwa shamba la mikorosho. Ikinyesha mvua ya milimita 60 kwa saa, ardhi ile ya kichanga inameza kama lita 8 katika kila lita 10, na mbili tu ndizo zinazotiririka. Hiyo ni kama lita 670 kwa sekunde zinazofika chini. Sasa kata mikorosho, jenga, ezeka bati, mwaga zege uani, weka tofali za kupanga mbele ya duka. Lita 7 katika 10 zinatiririka. Mvua ni ileile, saa ni ileile, lakini chini zinafika kama lita 2,300 kwa sekunde. Mtaa wa chini haujabadilika hata kidogo, ila umegeuka kuwa mto. Kwa hiyo mzee anaponiambia "nimekaa hapa miaka arobaini sijawahi kuona maji ndani", namwamini. Hasemi uongo, wala nyumba yake haijahama. Kilichohama ni shamba lililokuwa juu yake.

Historia ya mji ina mchango wake. Mtwara tunayoijua ilichorwa kwa ajili ya bandari, enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuanguka vibaya. Barabara zikachorwa pana juu ya ardhi tambarare, na mabonde yakaachwa. Mji ulipokua, mabonde hayo yakaonekana ni viwanja vya bei nafuu. Mikindani, mji mkongwe ulio ndani ya manispaa yetu, ni hadithi nyingine: kilima mgongoni, bahari usoni, nyumba za mawe ya matumbawe katikati. Huko maji hayasimami, yanakimbia na kuchimba, na shida yetu ni kuyapunguzia kasi. Mtu akiniomba mtaro wa Mikindani uwe kama wa mjini Mtwara, namwonyesha tu ule mteremko.

Tambarare ina tabu zake. Mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita unaonekana si kitu, lakini kwa mita 100 ni nusu mita, na mafundi wakiukosea kidogo, maji yanasimama katikati ya mtaro mpya uliofunguliwa kwa hotuba, yanazaa mbu. Fundi mzoefu anapima kwa mpira wa maji, ule mrija mwangavu wa kuonyesha usawa. Asiye mzoefu anapima kwa jicho.

Halafu kuna bahari yenyewe. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kwetu inaweza kupita mita 3. Mvua kubwa ikikutana na kilele cha bamvua, mdomo wa mtaro unakuwa chini ya bahari, na maji ya mjini yanasubiri nje ya mlango kama mgeni aliyekuta wenyeji wamelala. Unaweza kuwa umesafisha mtaro mzima kwa ufagio na bado ukajaa kwa saa mbili tatu. Nina jedwali la kujaa na kupwa ukutani ofisini, ila kusema kweli wavuvi hawalihitaji. Ninapoona tahadhari ya mvua kubwa, simu yangu ya kwanza huwa kwa mvuvi: leo maji yanajaa saa ngapi?

Kimbunga Kenneth kilitufundisha kuitazama bahari kwa heshima. Tarehe 25 Aprili 2019 tulijiandaa nacho, kikapiga ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji. Wazee wa Lindi wanakumbuka kile cha Aprili 1952 ambacho hakikukwepa. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokwisha kupita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika huko Kilwa, tukakaa siku kadhaa bila njia ya gari. Ni maji ya mvua yaliyotaka nafasi ya kupita chini ya barabara, na nafasi haikutosha.

Watu huniuliza kwa nini kazi hii inahitaji mratibu. Kwa sababu tone moja likitoka kwenye bati hadi baharini linapita mikononi mwa taasisi nyingi. Barabara kuu na makalavati yake ni za TANROADS. Za mitaani, na mitaro yake, tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Kibali cha ujenzi ni manispaa. Maji taka ni MTUWASA, mamlaka ya maji ya hapa kwetu. Ukifika ufukweni kuna wasimamizi wa mazingira wa taifa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari au mto. Kila mmoja ana mpaka wake, na maji hayasomi mipaka. Nusu ya wiki yangu inaishia kwenye vikao vya kuwaunganisha watu hawa, na nusu nyingine nimevaa buti.

Sasa lile ambalo sitalisema kwa upole. Mvua ikianza, wapo wanaofungua chemba na kutapisha choo kwenye mtaro, wakitegemea mkondo upeleke mbali. Mtaro wa maji ya mvua hauendi kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Unakwenda baharini, moja kwa moja, vilevile ulivyoumwagia. Kabla haujafika baharini unapita mbele ya nyumba za chini, ambako watoto wanachezea maji yale na visima vifupi viko wazi. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Na pale unapomwaga, wakati wa kupwa, kina mama wanatafuta pweza na chaza, ambao jioni wanarudi sokoni na kwenye sufuria yako. Anayetapisha anakula alichotapisha. Gari la kunyonya lina gharama, najua, lakini hata majirani wawili watatu wakichangia safari zake, bei inapungua.

Nyumbani, mchanga wetu una neema moja: unakunywa maji haraka. Bati la mita 10 kwa 10 likipata mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000, yaani madumu 250 ya lita 20. Ukiweka mfereji wa bati na tangi, umepata maji ya kufulia bure. Kinachozidi kipeleke kwenye shimo la mita 1 kwa 1, kina cha mita moja na nusu, lililojazwa mawe, angalau mita 3 kutoka kwenye msingi na mbali na choo. Shimo hilo peke yake linashika kama lita 500 au 600 kwa wakati mmoja huku likiendelea kunyonya. Na kama unataka kivuko cha gari mbele ya nyumba, usilaze bomba la inchi 8 ndani ya mtaro wa sentimita 60 kwa 60 na kufukia juu. Bomba hilo lina nafasi isiyofika hata moja ya kumi ya mtaro. Weka slabu juu, chini pabaki wazi, na uiache ikiwa vipande vinavyoinuka ili tupate kusafisha.

Ombi langu la msimu huu ni dogo. Maji yakiingia kwako, usingoje yakauke ndipo uje kulalamika. Chukua mkaa, weka alama ukutani pale yalipofika juu kabisa, andika pembeni tarehe na saa. Ukiweza piga picha, mpe mtendaji wa mtaa. Saa ni muhimu kwa sababu nitailinganisha na jedwali la bahari, nijue kama tatizo ni mchanga, ni kalavati, au ni bamvua. Alama hizo tunazipitia Juni, nyumba kwa nyumba, na mpira wa maji mkononi. Usipake chokaa juu yake kabla hatujafika.