Je, wajua ni nani aliyempaka rangi kasuku wa ukutani?

Saloni nyingi za Lubumbashi zina picha ya shaba ukutani: mama anayetwanga, tembo, mtumbwi, vyote vimegongwa kwa nyundo kutoka nyuma ya bati. Saloni yangu ina kasuku wa karatasi. Ni yule wetu wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Amesimama juu ya tawi kavu, chini yake kuna maandishi ya Kifaransa cha zamani, na karatasi yenyewe ina rangi ya chai. Nilimnunua akiwa tayari ndani ya kadre. Muuzaji aliniambia: "Angaria muzuri, mama. Hii balipakaka rangi na mukono."

Nikaangalia, nikaona kweli. Wekundu wa mkia ulikuwa umevuka mstari na kuacha tone dogo juu ya unyoya wa bawa. Mashine haikosei namna hiyo, nikajiambia. Kwa miaka miwili hakuna mgeni aliyeketi kwenye kanape yangu asionyeshwe tone lile, na kuelezwa kwamba zaidi ya miaka 200 iliyopita mchoraji mwenyewe aliinamia karatasi hii hii, mkono ukamteleza.

Nilikuwa nimekosea mara mbili.

Kosa la kwanza lilifichuliwa na fundi wa saa aliyekuja kula bukari, yaani ugali, kwangu. Alichomoa mfukoni kile kioo chake cha jicho, akamsogelea kasuku, akacheka kidogo, akanipa nami. Chini ya kioo hapakuwa na wekundu wowote. Palikuwa na vitone vya rangi ya waridi na ya njano, huku na huku cha buluu au cheusi, vimepangwa kama viua vidogo vidogo. Mashine za kisasa huchapa hivyo: zinamwaga vitone vya rangi nne, jicho lisilo na kioo linavichanganya lenyewe. Hata mistari ya manyoya, niliyoidhani imekwaruzwa kwa ncha ya chuma, ilikuwa vitone. Na rangi ya chai ya karatasi? Vitone pia.

Hata hivyo tone lilikuwa la kweli. Lilidondokea karatasi nyingine tu, kisha karatasi hiyo ikapigwa picha pamoja na kosa lake.

Karatasi hiyo ya kwanza ilitokana na bati la shaba. Sisi tunaoishi juu ya shaba tunaitundika yenyewe ukutani. Wachapaji wa Ulaya wa zamani walibaki nayo karakana, wakauza alama zake. Fundi alichora ndege juu ya bati kwa kuchimba mifereji myembamba kama nywele. Akapaka wino bati zima, kisha akalifuta hadi likang'aa, wino ukabaki ndani ya mifereji peke yake. Aliyewahi kuona mtu akichanjwa na dawa nyeusi ikisuguliwa kwenye chale ameshaelewa: ngozi inafutwa, chale inabaki nyeusi.

Wengi hufikiri bati hilo lilifanya kazi kama muhuri wa komine. Ni kinyume chake. Muhuri hubeba wino kwenye sehemu iliyoinuka. Bati huubeba shimoni. Sasa karatasi itaufikiaje huko chini? Chukua sahani ya zamani iliyokwaruzwa na visu, yenye mchuzi uliobaki ndani ya mikwaruzo. Gandamiza juu yake bonge la bukari ya moto, halafu liinue: limeingia kwenye kila mkwaruzo na kutoka na mistari ya mchuzi. Karatasi ililoweshwa kwanza ili ilainike kama bukari hiyo, ikapitishwa na bati katikati ya magurudumu mawili mazito. Ndiyo maana kwenye picha ya asili mstari wa wino umeinuka kidogo, na pembeni kuna bonde lililoachwa na ukingo wa bati.

Iliyotoka hapo ilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zilifuata baadaye kwa brashi, karatasi moja moja, na hapa ndipo penye kosa langu la pili: "mchoraji mwenyewe".

Hesabu tu ingenizindua. Buffon, mtaalamu wa viumbe wa Ufaransa, alichapishiwa picha 1008 kuanzia miaka ya 1760, nyingi mno za ndege, zilizochongwa na fundi Martinet. Kila moja ilihitaji nakala nyingi, na kila nakala ipakwe. Kazi nzima ilishughulisha watu zaidi ya 80. Mchoraji alitoa kielelezo kimoja, wapakaji wakakifuata kama mafundi cherehani wanavyofuata patroni: huyu mkia, yule mdomo, na karatasi inasogea mezani. Ushahidi ninaoupenda ni wa Audubon, Mmarekani aliyechapisha picha 435 za ndege kati ya 1827 na 1838. Alianzia Edinburgh, kwa mchongaji Lizars, na mwaka uleule wa 1827 wapakaji wakagoma. Angekuwa anapaka mwenyewe, mgomo ungemhusu nini? Alilazimika kuhamia London kwa mchongaji mwingine, Havell.

Mikono mingi, basi, na wekundu uliochanganywa upya kila mara kwenye kisahani. Ongeza na miaka: wekundu wa karmini, unaotokana na wadudu, hufifia kwenye mwanga, na rangi nyeupe ya madini ya risasi huweza kugeuka nyeusi. Kwa hiyo nakala mbili za asili za kasuku mmoja hazifanani sawasawa, na zote mbili ni halali. Zinazofanana kabisa ni zile za mashine, kwa sababu zote ni watoto wa nakala moja iliyobahatika kupigwa picha.

Usikimbilie kuazima kioo na kutoa hukumu, lakini. Vitone vinasema mashine, sawa. Kukosekana kwavyo hakusemi umri. Zipo picha za kale zilizobaki nyeusi na nyeupe hadi wauzaji wa karne iliyopita walipozipaka ili zipate wanunuzi. Na lile bonde la pembeni linaweza kugandamizwa hata leo. Wakati mwingine ndege mwenyewe anatosha: tausi wa Congo, anayeishi katika misitu yetu, hakujulikana na wanasayansi wa Ulaya hadi mtaalamu wa ndege Chapin alipomtangaza 1936. Ukiuziwa tausi huyo wa mwaka 1780, omba angalau upunguziwe bei.

Nilirudi kwa muuzaji, nikiwa na kioo nilichoazima. Alikuwa na kasuku watatu zaidi, kila mmoja ndani ya kadre yake. Kioo sikukihitaji. Tone jekundu lilikuwa palepale, juu ya unyoya uleule, mara tatu.