“Vumilia tu”: dhana inayowaumiza madaktari weusi walio mafunzoni

Nimechoka kusikia sentensi moja. Inatoka kwa madaktari vijana wanaosomea ubingwa hapa Marekani, wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha, na huwa wanaisema wakiangalia chini: “Nadhani mimi sina ustahimilivu wa kutosha.” Ni weusi, ni Walatino, ni vijana wenye asili ya India na Pakistan. Na kwa kuwa naongea Kiswahili, wengi ni wa kwetu: waliosoma Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu kisha wakafaulu mitihani ya leseni ya huku, au waliozaliwa Minnesota kwa wazazi waliohamia. Wamefaulu kila mtihani waliopewa. Wanakesha zamu. Na kabla sijawauliza lolote, wameshajihukumu kwamba kasoro ni yao.

Ukiwadadisi, unakuta nyuma ya sentensi hiyo kuna imani kwamba daktari mweusi anayenyamaza na kuvumilia ndiye anayekomaa, na anayeomba msaada ndiye asiyefaa. Nyumbani mama anamwandikia kwenye WhatsApp “mvumilivu hula mbivu”. Wodini msimamizi anamwambia ajikaze. Wote wawili wanamtakia mema na wote wawili wanamkosea. Nitaieleza dhana hii kwa urefu kuliko nyingine nitakazozitaja mwishoni, kwa sababu ndiyo inayowamaliza watu mbele ya macho yangu.

Mwaka 2020 Colin West na wenzake walichapisha utafiti uliopima ustahimilivu wa madaktari wa Marekani na kuulinganisha na wa wafanyakazi wengine nchini humo. Madaktari walikuwa na ustahimilivu mkubwa zaidi. Hilo halishangazi, maana anayefika hapo amechujwa miaka mingi. Lakini walipoangaliwa madaktari waliopata alama ya juu kabisa katika kipimo hicho, ile isiyoweza kuzidishwa, asilimia 29 kati yao walikuwa na uchovu sugu wa kazi. Tafakari namba hiyo. Hao hawana ustahimilivu wa kuongeza. Wamefika kileleni, na bado karibu watatu kati ya kila kumi wameishiwa. Kwa hiyo unaponiambia umechoka kwa sababu hustahimili vya kutosha, unanipa maelezo ambayo hayalingani na ushahidi. Kanuni za mafunzo ya ubingwa Marekani za mwaka 2003 ziliweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne. Hiyo ni mara mbili ya wiki ya mfanyakazi wa kawaida, na ndicho kiwango kilichoitwa nafuu. Hakuna semina ya kupumua polepole itakayozipunguza saa hizo.

Kwa mtu mweusi kuna jambo la ziada, na madaktari wote wanapaswa kulijua. Mtaalamu wa epidemiolojia Sherman James alikutana na mkulima mmoja mweusi wa North Carolina, aliyezaliwa 1907, jina lake John Henry Martin. Mzee huyu alijinasua kutoka kilimo cha nusu kwa nusu, yaani kulima shamba la mwingine na kugawana naye mavuno, na kufikia umri wa miaka 40 alikuwa anamiliki ekari 75. Alifanya kazi usiku na mchana kuzipata. Alipokaribia miaka 60 alikuwa na shinikizo la damu, ugonjwa wa viungo, na vidonda vya tumbo vikali kiasi kwamba asilimia 40 ya tumbo lake ilikatwa. James aliona jina lake linafanana na la shujaa wa hadithi za Wamarekani weusi, John Henry, aliyeshindana na mashine ya mvuke kwa nyundo, akaishinda, kisha akafa pale pale. Akaiita tabia hiyo “John Henryism”: kukabili kila kikwazo kwa kuongeza juhudi, bila kupumzika wala kusaidiwa. Akatunga kipimo chake. Katika tafiti zake za mwanzo, wanaume weusi waliopata alama za juu huku wakiwa na elimu ndogo ndio waliokuwa na shinikizo la damu la juu zaidi. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na ni haki kusema hivyo. Lakini kilichomvutia James ndicho ninachokiona kila siku: juhudi kubwa isiyo na kitu cha kuegemea inaula mwili.

Utaniambia daktari ana elimu. Ni kweli, nje ya hospitali anayo. Ila ndani ya wodi kila mtu ana elimu, kwa hiyo rasilimali inayohesabika ni nyingine: nani atakutetea kwenye kikao ambacho wewe humo? Mwenzako ambaye baba yake ni daktari bingwa anaye mtu huyo tangu siku ya kwanza. Wewe uliyekuja na viza ya J-1 inayotegemea nafasi yako ya mafunzo, huna, na woga wa kuipoteza viza hiyo unakufunga mdomo zaidi.

Sasa tuangalie kukomaa, maana dhana inadai kwamba ukimya ndio unaokomaza. Mwanasaikolojia Emmy Werner alifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia kwenye umaskini na familia zenye migogoro, karibu theluthi moja walikua wakawa watu wazima waliosimama imara. Kitu kilichojirudia katika maisha yao ni uhusiano wa karibu na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali, awe bibi, mwalimu au jirani. Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walioandika sana kuhusu watu wanaokua kiroho na kifikra baada ya masaibu, nao hawakusema kwamba mateso yenyewe hukuza. Walisema ukuaji hutokana na jitihada za kuyaelewa na kuyapatia maana, jambo ambalo husaidiwa sana na kuzungumza na watu wanaosikiliza, na kwamba maumivu yanaweza kubaki hata pale ukuaji unapotokea. Katika ushahidi wote huu sioni mahali ambapo mtu alikomaa kwa kujifungia chooni akilia kisha akarudi kwenye raundi ya kuwapitia wagonjwa wodini kana kwamba hakuna kitu.

Na ukimya una gharama ya kitaaluma pia. Mwaka 2019 Baraza la Madaktari la Uingereza lilitoa ripoti ya Doyin Atewologun na Roger Kline iliyochunguza kwa nini madaktari wasio wazungu walikuwa wakipelekwa na waajiri wao kwenye baraza hilo kwa malalamiko mara mbili zaidi ya wazungu. Moja ya sababu walizozikuta ni kwamba madaktari hao hawapewi mrejesho wa kweli mapema. Msimamizi anaogopa mazungumzo magumu na mtu wa rangi nyingine, anatabasamu, anapita. Kosa dogo ambalo mwenzako angerekebishwa siku hiyo hiyo, wewe linakua miezi tisa gizani hadi linakufikia kama barua. Hata huku Marekani, madaktari weusi walio mafunzoni huondolewa kwenye programu kwa kiwango kinachozidi sana idadi yao. Sasa fikiria msimamizi anayenyamaza akikutana na mwanafunzi aliyefundishwa kuvumilia kimya. Hapo hakuna anayejifunza chochote.

Kijana mmoja aliambiwa kwa nusu mwaka “ongeza kujiamini”. Alijaribu kuongea kwa sauti kubwa. Haikusaidia. Nikamtuma akaulize swali hili, ambalo nawapa wote: “Leo kwenye raundi, ni sentensi gani ungetaka niiseme tofauti?” Daktari bingwa akamjibu papo hapo: anza na unachodhani ni ugonjwa, kisha toa sababu. Huyu kijana alikuwa anafanya alivyofundishwa nyumbani, yaani kusimulia historia yote ya mgonjwa kwa utaratibu na kumwachia mkubwa hitimisho, kwa heshima. Huku wanaisoma heshima hiyo kama kutojua. Alirekebisha ndani ya wiki. Nusu mwaka ya kukosa usingizi ilitokana na sentensi ambayo hakuna aliyemwambia na yeye hakuiuliza.

Kwa hiyo nasisitiza mambo matatu na sitachoka kuyarudia. Uliza mrejesho wa tukio la siku hiyo, usiulize “naendeleaje?” Nunua daftari, uandike tarehe, aliyesema na alichosema, jioni hiyo hiyo, likija suala la tathmini utakuwa na kumbukumbu, wengine watakuwa na hisia tu. Na tafuta mtu mmoja mwenye cheo nje ya idara yako anayelijua jina lako kabla hujapata shida. Kwenu wazazi, acheni kumuuliza mtoto kama anavumilia. Muulizeni ni nani anayemsaidia huko. Akikosa jibu, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Dhana nyingine nitazitaja kwa kifupi.

Wapo wanaoamini kwamba ukimwona mtaalamu wa afya ya akili utanyimwa leseni. Zamani fomu nyingi za leseni za majimbo ziliuliza maswali yasiyo na mipaka kuhusu historia yako, kwa hiyo woga huo haukuzuka bure. Lakini mwaka 2018 shirikisho la mabaraza ya udaktari ya majimbo lilishauri kwamba, kama ni lazima kuuliza, liulizwe tu tatizo la sasa linaloathiri uwezo wa kufanya kazi, na majimbo mengi yamebadilisha fomu tangu hapo. Mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya shirikisho yenye jina la Dkt. Lorna Breen, daktari wa dharura wa New York aliyejiua Aprili 2020 wakati wa korona, ili kugharamia afya ya akili ya watoa huduma. Isome fomu ya jimbo lako mwenyewe, leo, badala ya kusikiliza za korido. Walio Uingereza wanayo huduma ya siri ya Practitioner Health. Itumieni.

Wengine hujiambia: “Niliingia kwa upendeleo wa rangi.” Hapana. Mitihani ya leseni uliyofaulu haina karatasi ya weusi. Ukitaka kuzungumzia upendeleo, tuzungumzie ripoti ya Flexner ya 1910, iliyokagua vyuo vya udaktari vya Marekani: baada yake, kati ya vyuo saba vya udaktari vya weusi, vitano vilifungwa, vikabaki Howard na Meharry. Hadi leo weusi ni takriban asilimia 13 ya Wamarekani lakini madaktari weusi hawafiki nusu ya kiwango hicho. Na tathmini zenyewe zina mkono wa mtu. Utafiti wa David Ross na wenzake wa mwaka 2017, uliosoma barua za tathmini ambazo vyuo huandika kuhusu wanafunzi wanaoomba nafasi za ubingwa, ulikuta wazungu wakisifiwa zaidi kwa maneno kama “wa kipekee” na “bora kabisa”, na weusi zaidi kwa kuitwa “anayeweza kazi”. Kwa hiyo hisia kwamba unapimwa kwa mizani nyingine si ugonjwa wa akili yako.

Kuna wanaodhani ni wajibu wao kukubali kila kamati ya usawa, kila picha ya brosha, kila mwanafunzi mweusi wa kumlea. Fanya moja unayoipenda. Nyingine zikatae hadi umalize mafunzo. Bodi ya ubingwa haikupi alama kwa kamati, na saa hizo wenzako wanasoma au wamelala.

Ya mwisho ni dhana kwamba mgonjwa akikutukana kwa rangi yako, daktari mwema hunyamaza. Mgonjwa aliye hatarini unamtibu kwanza, hilo halina mjadala. Akishatulia, hulazimiki kubaki peke yako na matusi yake. Hospitali nyingi sasa zina taratibu za maandishi kuhusu wagonjwa wabaguzi. Itafute ya kwenu. Kisha, mwanzoni mwa kila mwezi unapohamia wodi mpya, mwombe msimamizi dakika mbili na umuulize waziwazi: likitokea, utasema nini, na mimi nitoke au nibaki? Mkubaliane kabla.