Usiioshe Injini Kabla ya Kuisoma

Injini ya mradi ikishafika karakanani, jambo la kwanza ninalowakataza wanafunzi ni kuiosha. Huwa wanashangaa, kwa sababu kila siku nawahimiza usafi: meza safi, spana safi, mikono safi. Lakini uchafu wa injini iliyotumika ni ushahidi. Kichwa cha pistoni moja kikiwa kinang'aa huku vingine vitatu vimejaa masizi, inaelekea maji ya kupozea yalikuwa yakipenya kwenye silinda ile, yakageuka mvuke na kuyaondoa masizi yote. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa inathibitisha habari hiyo hiyo kutoka upande wa chini. Ukimwagia petroli na kupiga brashi, yote hayo yamepotea.

Nafundisha ufundi wa magari, na mradi wa kufungua injini nzima, kuipima na kuifunga upya mpaka iwake naupenda kuliko somo jingine lolote. Fundi wa gereji anatafuta kasoro, anairekebisha, anamkabidhi mteja gari lake. Mwanafunzi ana deni zaidi ya hapo. Lazima aweze kueleza kwa nini kila kipande kimechakaa namna kilivyochakaa, na kwa nini ameamua kukirudisha au kukitupa. Kulegeza bolti atajifunza mapema tu. Ugumu uko katikati, kati ya kufungua na kufunga, pale injini inapolala mezani vipande vipande na kinachohitajika ni maikromita (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa), kalamu na subira.

Kwa kuanzia huchagua injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, yenye bloku (mwili mkuu wa injini) la chuma cha kutupwa, na zaidi ya yote iwe na kitabu cha mtengenezaji. Kila namba tutakayoipima itahitaji namba ya kulinganishwa nayo, kwa hiyo bila kitabu hakuna mradi. Tena napenda iwe injini ambayo bado inazunguka. Iliyoganda nayo ina mafunzo yake, lakini inawanyima wanafunzi vipimo vya kabla, na bila hivyo watajuaje kwamba kazi yao imesaidia?

Basi tunaanza na mgandamizo, yaani nguvu ambayo kila silinda inabana hewa iliyomo. Plagi zote zinatolewa, mafuta na umeme wa plagi vinakatwa, mlango wa hewa unafunguliwa wote, geji inafungwa kwenye tundu la plagi, stata inazungusha. Wanafunzi hukimbilia kuuliza namba nzuri ni ngapi. Kitabu kitasema, lakini mimi nawaelekeza kwanza watazame tofauti kati ya silinda na silinda. Silinda iliyo chini ya robo tatu ya ile yenye nguvu zaidi ina ugonjwa. Hapo tunamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Mgandamizo ukipanda, oili imeziba mwanya unaovujia kwenye ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni. Usipopanda, tunashuku vali au gasketi ya silinda hedi, kile kizibo chembamba kati ya bloku na hedi inayolifunika. Silinda mbili zilizopakana zikiwa dhaifu kwa pamoja, mimi huanza na gasketi, kwenye ule ukanda mwembamba unaozitenganisha. Kisha kila kundi linaandika linachotarajia kukikuta ndani, na karatasi hiyo naiweka mimi. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika utabiri wake hufungua injini kwa macho tofauti kabisa.

Kufungua kwenyewe sitakueleza kwa kirefu. Injini ya namna hii huwa na uzito wa zaidi ya kilo 100, kwa hiyo bolti zinazoishikilia kwenye stendi ziwe za ugumu unaofaa na ziingie za kutosha. Bolti za silinda hedi zilegezwe kidogo kidogo kutoka pembeni kuelekea katikati, injini ikiwa imepoa, ili hedi isipinde. Piga picha, tia alama, weka kila kitu kwa mpangilio kilivyotoka. Ila kuna jambo moja sichoki kulirudia: vifuniko vya beringi kuu vilichongwa vikiwa vimefungwa kwenye bloku lile lile. Kila kimoja kina nafasi yake na upande wake wa mbele. Ukivibadilishana au ukakigeuza kimoja, tundu linalobeba krenkishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, haliwi duara tena. Konrodi nyingi za kisasa (fimbo zinazounganisha pistoni na krenkishafti) ndizo kali zaidi, maana kifuniko chake kilivunjwa makusudi kiwandani kutoka kwenye konrodi yenyewe, na nyuso zile za mvunjiko haziwezi kuingiana na kifuniko kingine chochote.

Sasa vipande viko mezani, na kwangu hapa ndipo utamu ulipo. Chukua beringi za konrodi, kila moja ikiwa vipande viwili vya nusu duara. Kipande cha juu ndicho kinachopokea kishindo cha mwako, kwa hiyo hicho ndicho hutangulia kuchakaa. Kwenye beringi kuu ni kinyume: krenkishafti inasukumwa chini, na kipande cha chini ndicho huumia. Mwanafunzi anayejua hivyo akiona kipande cha juu cha beringi kuu kimeliwa kuliko cha chini, anajua huu si uchakavu wa kawaida, na anaanza kuhoji kama tundu limekwenda upande au krenkishafti imepinda. Mikwaruzo myembamba inayozunguka ni alama ya uchafu uliopita ndani ya oili. Rangi ya shaba inayochungulia ina maana tabaka laini la juu limekwisha. Makundi yangu huweka beringi zote kwa mpangilio kwenye karatasi nyeupe na kuandika chini ya kila moja wanachokiona, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kusema neno "badilisha".

Baada ya hapo ndipo tunaosha, na baada ya kuosha tunasubiri. Subira hii wanafunzi huiona ya bure mpaka wafanye hesabu wenyewe. Vipimo vya chuma kimataifa huchukuliwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Alumini hutanuka takriban sehemu 23 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 80 ikiwa na joto la nyuzi 10 zaidi, kipenyo chake kinaongezeka karibu milimita 0.018. Kwenye kazi ambayo nafasi kati ya pistoni na silinda mara nyingi ni sehemu chache tu za mia za milimita, kosa hilo linatosha kugeuza uamuzi. Pistoni iliyotoka kwenye maji ya moto haipimwi. Vyuma, vifaa vya kupimia na hewa ya karakana viachwe vilingane joto kwanza.

Karibu kila darasa kuna anayekuja na pistoni mkononi: "Mwalimu, hii imeharibika, si duara." Huwa nafurahi sana, kwa sababu amepima kweli. Pistoni hutengenezwa ikiwa na umbo la yai kidogo, pana zaidi kwa upande unaokata pini, na nyembamba zaidi juu kuliko chini, kwa kuwa ikipata moto haitanuki sawasawa kila mahali. Ndiyo maana kitabu kinaeleza ipimwe katika kimo gani na upande gani. Silinda nayo hupimwa katika vimo vitatu, na kila kimo kwa pande mbili, sambamba na krenkishafti na kuikata. Vipimo sita kwa silinda, 24 kwa injini ya silinda nne. Uchakavu mkubwa kwa kawaida huwa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ambako joto na shinikizo ni kali na oili ni haba. Tofauti kati ya juu na chini inatuambia silinda imekuwa mfano wa faneli kiasi gani, na tofauti kati ya pande mbili inatuambia imeacha kuwa duara kiasi gani. Kila kipimo huchukuliwa na wanafunzi wawili bila kuonyeshana. Wakipishana kwa zaidi ya milimita 0.01, wote wawili wanarudia, hata kama mmoja wao amepatia.

Kutoka kwenye namba hizo uamuzi hujitoa wenyewe. Silinda iliyovuka mpaka wa kitabu inapelekwa kwenye mashine kupanuliwa, na pistoni kubwa zaidi zinanunuliwa, kwa kawaida kwa hatua ya milimita 0.25 au 0.50. Iliyo ndani ya mpaka inatosha kusuguliwa kwa mawe ya kuhoni ili ipate ile mistari inayokatana, kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60 hivi, inayoshika oili na kuzisaidia ringi mpya kukaa.

Kuosha bloku baada ya kuhoni ni hatua inayodharauliwa mno, hata na mafundi wa miaka mingi. Watu hufuta kwa petroli na kuridhika. Petroli inaondoa mafuta, lakini chembe za mawe inaziacha zimejikita ndani ya mistari, na chembe hizo ndizo zitakazosaga ringi mpya tangu siku ya kwanza. Kinachozitoa ni maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, kwa nguvu, mara kwa mara. Kisha kausha haraka, paka oili, ufute kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na kijivu, rudia. Mimi hukishika kitambaa hicho mwenyewe, na makundi mengi hurudishwa.

Kufunga kunaanzia na krenkishafti. Nafasi ya oili kwenye beringi tunaipima kwa uzi laini wa plastiki maalumu: unaukata kipande, unaulaza juu ya shingo ya krenkishafti iliyo kavu, unafunga kifuniko kwa nguvu kamili iliyoandikwa kitabuni, unafungua tena na kulinganisha upana wa uzi uliobanwa na kipimo kilichochapwa kwenye karatasi yake. Krenkishafti isizungushwe hata kidogo uzi ukiwa ndani. Nafasi inayotafutwa mara nyingi ni kati ya milimita 0.025 na 0.06, nyembamba kuliko unywele wa kichwani, na ndani ya nafasi hiyo oili hubeba nguvu yote ya mwako bila chuma kugusa chuma. Kisha tunapaka oili na kufunga vifuniko kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja tunazungusha krenkishafti kwa mkono. Ikiwa nzito ghafla, tatizo liko kwenye kifuniko cha mwisho kufungwa. Ukivikaza vyote kwanza ndipo uzungushe, utaanza upya kukitafuta.

Ringi nazo hazitoki kwenye paketi zikaenda moja kwa moja kwenye pistoni. Kila moja inaingizwa kwanza kwenye silinda yake, inasukumwa kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, na mwanya wa ncha zake unapimwa kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mianya. Kwa ringi ya juu, makadirio ya kawaida ni milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani karibu 0.32 kwa silinda ya milimita 80, ingawa kitabu ndicho chenye kauli ya mwisho. Mwanya ukiwa mdogo mno, joto litazikutanisha ncha, ringi itakosa pa kwenda, na itakwaruza silinda au kuvunjika.

Spana ya toki inawapa wanafunzi imani isiyo kamili. Inapima nguvu ya kuzungusha, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo, karibu tisa ya kumi, inamezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti na kwenye nyuzi zake. Kinachobaki ndicho kinachobana. Kwa hiyo bolti yenye nyuzi chafu itagonga ile namba kabla haijabana vya kutosha, na iliyopakwa oili wakati kitabu kinaitaka kavu itabanwa kupita kiasi. Safisha nyuzi, fuata maelekezo, kaza kwa hatua kutoka katikati kwenda pembeni. Matundu yasiyopenya yakaushwe kabisa, maana oili au maji yaliyonaswa chini ya bolti hayakubali kubanwa, na yanaweza kupasua bloku. Bolti zinazokazwa kwa nyuzi za pembe zimekusudiwa kuvutika, na pale mtengenezaji aliposema zitumike mara moja, tunanunua mpya.

Taimingi, yaani mnyororo au mkanda unaounganisha krenkishafti na kamshafti inayofungua vali, ikishafungwa, krenkishafti inazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, ambayo kwa kamshafti ni mzunguko mmoja. Kitu kikigoma, mkono unasimama. Huenda vali imekutana na pistoni, na stata isingekuwa na huruma hiyo.

Kabla ya kuwasha tunajaza oili, tunaacha plagi nje na kuzungusha kwa stata mpaka shinikizo la oili lionekane. Siku hiyo karakana hujaa watu, na sina neno na furaha yao. Lakini injini ikishawaka nawaondoa kwenye kelele na kuwarudisha kwenye geji: shinikizo la oili, joto, uvujaji. Haiachwi ikiunguruma taratibu kwa muda mrefu bila mzigo, kwa sababu ringi huhitaji shinikizo la mwako nyuma yake ili zikae kwenye kuta, na bila hilo kuta hulainika zikang'aa na injini ikabaki kula oili.

Ikishafanya kazi kidogo tunapima mgandamizo tena na kuweka namba mpya kando ya zile za kwanza, pamoja na ule utabiri niliouhifadhi. Oili ya kwanza inamwagwa mapema. Chujio lake tunalikata na kuikunjua karatasi iliyo ndani chini ya taa. Vumbi jembamba la chuma linatarajiwa kwenye injini mpya. Vipande vinavyoonekana kwa macho, hasa vyenye rangi ya shaba, vina maana sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inashushwa na beringi zinakaguliwa upya, hata kama injini inaunguruma vizuri na muhula unakaribia kwisha.