Kubadilisha kiongozi wa chama tawala hakubadilishi rais

Kila chama tawala kinapoanza kuvutana kuhusu nani akiongoze, kuna ujumbe unaorudi kwenye magurupu ya WhatsApp, Kampala hadi Mbale: eti mwenyekiti wa chama akiangushwa, urais wake unaisha siku hiyo hiyo, na mrithi wake chamani anaapishwa.

Kwa Uganda si kweli. Katiba ya 1995 inampa urais mtu aliyepigiwa kura na wananchi na kupata zaidi ya asilimia 50. Chama humteua kugombea tu. Akishaapa, muhula wake ni wa miaka mitano. Kumwondoa kuna njia yake, kifungu cha 107: notisi yenye saini za angalau theluthi moja ya wabunge wote, kisha kura za theluthi mbili. Nafasi ikibaki wazi, anayeshika ni makamu wa rais, kifungu cha 109. Katiba inapatikana bure mtandaoni. Fungua vifungu hivyo usome mwenyewe.

Wengi huchanganywa na habari za Uingereza, na si ajabu. Kule waziri mkuu hutokana na wingi wa wabunge, ndiyo maana mwaka 2022 chama tawala kilibadilisha kiongozi mara mbili na waziri mkuu naye akabadilika, bila uchaguzi mkuu.

Ujumbe huo huwatia watu hofu bure, hasa wazee. Ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa upole, umtajie kifungu.