Boga la leo si la chungu cha leo

Baridi inapokaribia, wenye bustani huniuliza wavune lini. Nami huwauliza wanataka kupika lini, kwa sababu mazao ya mwisho wa msimu hayafikii utamu wake kwa pamoja.

Tuanze na boga. Ukucha ukishindwa kulitoboa ganda na kikonyo kikakauka, limekomaa. Likate kwa kisu, uache kikonyo cha sentimita 5 hadi 10, na usilibebe kwa kukishika: kikichomoka, uozo huingilia hapohapo. Kisha liweke mahali pakavu, penye hewa na joto la nyuzi 27 hivi, kwa siku 10. Ganda litakuwa gumu na mikwaruzo itafunga. Baada ya hapo lihamishie penye nyuzi 10 hadi 13, mbali na matufaha, maana gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda hayo hulichakaza upesi. Aina nyingi zenye nyama kavu huzidi utamu zikikaa wiki kadhaa, wanga unapogeuka sukari. Anayelipika siku ya kuvuna huishia kulalamika kwamba mbegu ilikuwa mbaya!

Viazi vitamu navyo vinataka kungoja, ila vyenyewe hupenda joto lenye unyevu: nyuzi 29, siku 4 hadi 7, mpaka michubuko ya jembe iote ngozi mpya. Jokofu ni marufuku. Kiazi kibichi kikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, kiini chake hubaki kigumu hata ukichemshe mpaka jioni.

Karoti na sukuma wiki ni kinyume kabisa. Ziache bustanini zipigwe na sakitu, yaani umande ulioganda, mara mbili tatu. Mmea hujikinga na kuganda kwa kulimbikiza sukari, na faida anaipata mlaji. Nyanya, pilipili hoho na maharage mabichi yachume kabla ya usiku wa sakitu ya kwanza. Hayana ustahimilivu.

Jikoni, ushauri wangu ni kutolichemsha boga la supu. Maji huipunguza ladha uliyoisubiri muda wote huo. Lipasue, lipake mafuta, lioke kwa nyuzi 200 hadi lilainike na kingo zianze kuungua kidogo, ndipo ukombe nyama yake. Kaanga vitunguu taratibu pamoja na karoti, tia boga, ongeza maji kidogokidogo.

Ukitaka supu ishibishe, ongeza maharage mekundu, lakini yapikwe kwanza peke yake. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, weka mengine, kisha yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Yana lektini, sumu ya asili inayoumiza tumbo vibaya, na chungu cha umeme cha kupikia polepole huenda kisifikie joto la kuiharibu. Sukuma wiki iingie mwishoni, dakika tano kabla ya kuepua.