Kanda Bongo Man na wimbo usiosubiri

Kijana mmoja ninayemfundisha gitaa alinijia wiki iliyopita na simu mkononi. "Mwalimu, sikiliza huu. Mbona hauna mwanzo?" Ulikuwa wimbo wa Kanda Bongo Man, mwimbaji wa Kongo. Nilimwelewa papo hapo. Mazoezi ninayompa ni ya nyimbo za bendi kongwe, Mlimani Park ya Dar es Salaam na OK Jazz ya Kinshasa, ambako mwimbaji anasimulia kwanza, magitaa yanamsindikiza taratibu, na mambo yanachemka baadaye. Huu wa kwenye simu ulikuwa umeshachemka kabla mtu hajafungua mdomo.

Nimepiga gitaa la rizimu kwenye bendi za dansi kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali la kijana huyu nataka kulijibu kwa kirefu. Watu wanamsifu Kanda kwa sauti, kwa kofia, kwa kiuno. Mimi namsifu zaidi kwa kazi yake ya uprodyuza. Sauti tamu Kongo ilikuwa nazo tele. Mtu wa kuupangua wimbo mzima na kuupanga upya ili mchezaji asisubiri, huyo hakuwa wa kuokotwa.

Wimbo wa rumba ya Kongo ulivyozoeleka miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa na vipande viwili. Kwanza beti, za polepole, zenye kisa cha mapenzi au msiba au deni. Kisha breki inafunguliwa, magitaa yanashika usukani, watu wanamwagika ukumbini. Wakongo kile kipande cha pili wanakiita sebene. Sisi wa dansi huku tunakiita chemko. Kwenye santuri ndogo wimbo mrefu haukuenea upande mmoja, hivyo mara nyingi beti zilikaa upande wa kwanza na sebene upande wa pili.

Baba yangu mdogo alikuwa na sanduku la santuri hizo, nami nilikuwa mgeuzaji wake. Ukizishika na kuzielekeza kwenye mwanga wa dirisha unaona jambo: upande wa kwanza bado unang'aa, upande wa pili umekwaruzika hadi umekuwa wa kijivu. Mikwaruzo ile ilikuwa kura za wachezaji. Walikuwa wanaurukia upande wa pili, usiku baada ya usiku. Nikifikiria alichokifanya Kanda, naona ni mtu aliyeisoma ile mikwaruzo na kuamua kwamba upande wa pili ndio utakaotangulia.

Alizaliwa mwaka 1955 Inongo, kando ya ziwa Mai-Ndombe, jina ambalo maana yake ni maji meusi. (Mzungumzaji wa Kiswahili nusu ya jina hilo halimpi taabu.) Miaka ya 1970 aliimba Kinshasa katika bendi ya Bella Mambo, na ukimsikiliza hutakosa kumsikia Tabu Ley, mwimbaji nguli wa rumba, ndani yake: sauti nyembamba ya juu, laini, isiyogombana na ala. Mwaka 1979 akaenda Paris.

Hapo Paris ndipo hesabu zilipobadilika, na bila kuzielewa hesabu hizo huwezi kuuelewa muziki wake. Kinshasa bendi kubwa ilikuwa kama kijiji. OK Jazz ya Franco katika kilele chake ilikuwa na wanamuziki zaidi ya thelathini: waimbaji safu nzima, wapiga saksafoni na tarumbeta, wapiga gitaa wa zamu. Paris hakuna wa kukulishia kijiji. Studio inalipiwa kwa saa, mpigaji analipwa kwa kazi, na nyumba ina kodi. Kwa hiyo Kanda akabaki na kile ambacho mchezaji asingekubali kiondolewe: magitaa, besi, drams na sauti. Tarumbeta zikaenda. Kisa kirefu kikaenda. Ubeti ukawa mistari michache, kisha gitaa, ubeti tena, kisha gitaa tena, na mara nyingine gitaa linafungua mlango lenyewe. Albamu yake ya kwanza, "Iyole", ilitoka mwaka 1981, na "Djessy" ikafuata mwaka 1982. Zilipokelewa vizuri mno, na mpango ule ukawa desturi ya soukous, yaani muziki wa Kongo wa kuchezeka, ya Paris.

Nisimpe sifa isiyo yake. Tarumbeta hakuziondoa yeye wa kwanza. Zaiko Langa Langa, vijana walioanzisha bendi yao Kinshasa mwishoni mwa mwaka 1969, walikuwa wameshaziacha zamani, na mdundo wa drams unaoitwa cavacha, ule unaokimbia kama garimoshi, ni wao walioueneza, Meridjo Belobi akiwa kwenye ngoma. Tena Zaiko ndio walioleta atalaku, mtu wa kupayuka na kuwachochea wachezaji huku akitikisa kopo la dawa ya mbu lililogeuzwa kayamba. Hivi vyote havikubuniwa na Kanda. Alichokifanya ni kuamua kipi kije lini, kwa muda gani na baada ya nini, na hiyo ndiyo kazi ya prodyuza.

Sasa twende kwenye magitaa, kwa sababu hapo ndipo nilipotumia maisha yangu.

Sebene ya namna hii inataka magitaa matatu yasiyokanyagana. Rizimu, sehemu yangu, inakaa chini ya shingo ya gitaa na kuivunja kodi (noti zinazolia pamoja) noti moja moja, kidole gumba na cha shahada tu, bila kuchoka na bila kubadilika. Ukibadilika umewaangusha wenzako. Juu yake linakuja gitaa la mi-solo, katikati ya shingo, kodi ile ile lakini kwa kipande kifupi kinachojibu rizimu, kama mtu anayeitikia "naam" kila baada ya neno. Halafu solo, juu kabisa karibu na tumbo la gitaa, ambako noti zinalia kama kengele ndogo. Solo haipigi hovyo. Inachukua kifungu kimoja kifupi na kukirudia hadi miguu ya watu imekikariri, ndipo inakiacha na kuchukua kingine. Besi nayo haitembei mfululizo. Inaruka na kuacha shimo, na kiuno cha mchezaji ndicho kinacholijaza shimo hilo.

Kodi zenyewe ni tatu tu. Wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia hivyo, wanadhani nawaficha kitu. Ugumu wake uko kwenye kukaa mahali pako. Jaribu kupiga kifungu kimoja cha rizimu kwa dakika sita, sawasawa, mwendo ule ule, huku mwenzako wa solo anapasua mawingu na ukumbi unamshangilia yeye. Nilipokuwa kijana nilidhani ni adhabu. Siku niliyorekodiwa mara ya kwanza, fundi mitambo alinizima kwa bahati mbaya wakati tunasikiliza, na wimbo wote ukawa kama kitanda kilichokatwa kamba. Tangu siku hiyo sijawahi kuomba kupiga solo.

Aliyepiga solo kwa Kanda miaka ile ni Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani, mji ambao Kiswahili kimo sokoni na barabarani. Alipitia OK Jazz akiwa bado mdogo sana, na baadaye akapewa jina la Machine Gun kwa kasi ya vidole vyake. Lakini kasi wengi wanayo. Sikilizeni usafi wake: kila noti ina mwanzo na mwisho, hata pale vidole vinapokimbia kuliko sikio. Na msikilizeni Kanda anavyomtumia. Anaimba, anamwita Diblo kwa jina, anampisha. Wito ule hauko pale kwa kumsifu mtu tu. Ni alama: drams zinajua wapi pa kukata, besi inajua wapi pa kuruka, na mchezaji aliyeko ukumbini anajua kwamba sasa mambo yanabadilika.

Kazi zile alizitoa pia chini ya lebo yake mwenyewe, Bongo Man Records. Mwisho wa miaka ya 1980 prodyuza Joe Boyd akamchukua kwenye lebo yake ya Hannibal, na Waingereza na Wamarekani wakampata Kanda madukani kwa "Amour Fou", kisha "Kwassa Kwassa" mwaka 1989 na "Zing Zong" mwaka 1991.

Kwasakwasa yenyewe, yaani mchezo, haikubuniwa na Kanda. Ilitoka mitaani Kinshasa, na wengi husema jina lake ni Kifaransa kilichopondwa, swali la "hiki ni nini?" Wanamuziki wengine nao waliucheza, akiwemo Pepe Kalle na bendi yake ya Empire Bakuba. Ila ni Kanda aliyeufungasha na kuusafirisha, kwa sababu wimbo wake ulikuwa umeshapangwa kwa ajili ya mchezo wa aina hiyo. Kiuno kinakwenda mbele na nyuma, mikono inakifuata, na ala hazikupi nafasi ya kukaa.

Kwetu ulifika kama mafuriko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na disko toto la Idi bila mashindano ya kwasakwasa, na harusi ambayo muziki wa bolingo, yaani wa Kongo, ulichelewa ilihesabiwa imedorora. Nilikuwa napeleka kaseti tupu ya dakika 60 kwenye duka la kurekodia, naandika majina ya nyimbo kwenye kipande cha karatasi, narudi jioni kuichukua. Mara nyingi wimbo wa mwisho ulikatika katikati ya sebene kwa sababu utepe umekwisha. Mpaka leo kuna wimbo wa Kanda ambao kichwani mwangu unaishia pale ulipokatika, na nikiusikia mzima nahisi nimeongezewa.

Ndani ya duka lile kulikuwa na jambo ambalo sasa linaniuma kuliko zamani. Hatukulipa chochote kilichomfikia mwenye kazi. Mtu aliyetoa fedha yake kulipia studio kwa saa huko Paris alichezwa kila kichochoro cha Afrika Mashariki, na sisi tuliompenda tulimlipa mwenye duka. Sisemi tulikusudia. Nasema ndivyo ilivyokuwa, na sasa ninaporekodi kazi zangu nalifahamu deni lile vizuri.

Kuna lawama moja dhidi ya muziki huu ambayo naikubali nusu. Wanasema soukous ya Paris yote inafanana. Ni kweli kwamba kundi dogo la wapigaji lilizunguka studio zile zile: Lokassa ya M'Bongo kwenye rizimu, Rigo Star, Syran Mbenza, Pablo Lubadika, Diblo mwenyewe. Leo wanampigia huyu, kesho yule. Bila shaka mikono ile ile huacha alama zile zile. Na mpango wa sebene mbele ulipoigwa na kila mtu, ubeti ulinyauka hadi zikabaki kelele za kutaja majina ya watu. Nalikosa sana lile simulizi la zamani. Franco na mwimbaji wake Madilu waliupa wimbo wa "Mario" mwaka 1985 zaidi ya dakika 14, na hakuna sekunde ya maneno ningeifuta. Lakini kwa Kanda mwenyewe ubeti haukunyauka. Ulifupishwa na mtu anayejua kuimba, na ufupi wake una uzito.

Diblo aliondoka, akawa na Aurlus Mabele katika bendi ya Loketo, jina ambalo kwa Kilingala ni kiuno, kisha akaanzisha Matchatcha. Wengi walidhani Kanda amekwisha. Akaendelea na wapiga solo wengine, Nene Tchakou akiwa mmoja wao, na mpango ukasimama vile vile, kwa kuwa ulikuwa wa Kanda. Tarehe 2 Julai 2005, kwenye tamasha la Africa Calling kule Cornwall, Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliopanda jukwaani.

Jina la mchezo ule limekwenda mbali kuliko yeye. Botswana kwasakwasa ni muziki wa nyumbani wenye nyota wake wenyewe. Komoro limepata maana nyingine kabisa: "kwassa-kwassa" ni boti ndogo za uvuvi zinazowavusha watu usiku kutoka kisiwa cha Anjouan kwenda Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, zikaitwa hivyo kwa namna zinavyoyumba baharini. Watu wengi wamekufa maji kwenye safari hizo. Rafiki yangu Mkomoro aliponieleza, nilikaa muda mrefu bila kuliweza jina hilo mdomoni.

Kijana wangu nilimjibu hivi: wimbo huu una mwanzo, ila ulianzia kwenye miguu yako kabla hujausikia. Kisha nikampa gitaa, nikamwambia ashike rizimu, nami kwa mara moja nikachukua mi-solo. Dakika ya kwanza alikuwa anatazama vidole vyake. Dakika ya tatu alianza kuyumba kwenye kiti. Nikamwambia asisimame, kifungu kile kile, aendelee.